Nyumba kwenye mji wa umeme wa jua: tununue au tuache?

"Mimi na mume wangu tumepata nafasi ya kununua nyumba kwenye makazi mapya yaliyopangwa, nyumba 500 hivi. Wauzaji wanasema makazi yote yataendeshwa kwa umeme wa jua. Paneli hazitakuwa juu ya mapaa yetu, zitakuwa kwenye shamba moja pembeni, na kila nyumba italipa ada ya mwezi kwa jumuiya. Tumeambiwa bili ya umeme tutaisahau na umeme hautakatika kamwe. Kaka yangu ni fundi umeme, anatucheka: anasema usiku tutalala gizani, na mawingu yakitanda siku tatu ndiyo basi. Mama mkwe naye anaogopa mionzi ya hizo paneli. Kuna faida ya kweli hapo, au tunauziwa mbuzi kwenye gunia?"

Dada, nimelisoma swali lako mara mbili na naona ndani yake mna maswali matatu. La kwanza, kama umeme utakuwepo jua likizama. La pili, kama utakuwa nafuu. La tatu hukuliandika wazi: mkishanunua, mtakuwa mmejifunga na nani, na kwa muda gani? Hilo la tatu ndilo ningelihofia zaidi kama ningekuwa mnunuzi, na nitalifikia.

Nianze na la mama mkwe kwa kuwa ni jepesi. Paneli inapokea mwanga, haitoi mionzi ya kumdhuru mtu. Mwanga unagonga silikoni, elektroni zinasogea, umeme unatoka, basi. Inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani) na transfoma zina uga wa sumaku kama transfoma yoyote ya mtaani, na uga huo hupungua haraka kadiri unavyosogea mbali nazo. Akitaka jambo la usalama la kuulizia, aulizie makontena ya betri. Betri za lithiamu zikishika moto ni kazi ngumu kuzizima, kwa hiyo zinapaswa kuwekwa mbali na nyumba, zipangwe kwa nafasi kati ya kontena na kontena, na zimamoto wa eneo hilo wajue zilipo na ni za aina gani.

Kaka yako ana haki nusu. Paneli hazitoi kitu usiku, na chini ya mawingu mazito zinaweza kushuka hadi chini ya robo ya uwezo wake. Lakini makazi ya namna hii ni nadra kutegemea paneli peke yake. Yako ya aina mbili, na swali la kwanza kwa muuzaji ni hili: ya kwetu ni ya aina gani? Aina moja imeunganishwa na gridi, yaani mtandao wa nyaya wa shirika la umeme. Mchana shamba linazalisha kuliko mnavyotumia, ziada inaingia kwenye gridi, jioni mnachota kutoka gridi hiyohiyo. Aina nyingine inajitegemea, ina betri kubwa na mara nyingi jenereta ya akiba. Katika aina ya kwanza, mtu akisema "asilimia 100 umeme wa jua", anachomaanisha ni kwamba ukijumlisha uniti (yaani kilowati-saa) za mwaka mzima, zilizozalishwa zinafikia au kuzidi zilizotumika. Hesabu hiyo ni halali kabisa. Ila haikuambii lolote kuhusu saa mbili usiku.

Mfano unaotajwa kuliko yote ni Babcock Ranch, mji mpya wa kusini magharibi mwa Florida, Marekani, uliopokea wakazi wake wa kwanza mwaka 2018. Una mashamba mawili ya sola, kila moja la megawati 74.5, na yote ni mali ya shirika la umeme la Florida Power & Light. Mchana wa jua yanatoa umeme mwingi kuliko mahitaji ya mji. Usiku mji unachota kwenye gridi ya shirika hilo, ambayo sehemu kubwa ya umeme wake inatokana na gesi asilia. Hakuna aliyedanganywa hapo, lakini anayesikia tu jina "mji wa jua" huondoka akiamini kwamba hata taa za kibarazani zinawashwa na jua.

Kwa nini basi wasiweke betri za kutosha? Tupige hesabu kwa nyumba zenu 500. Tuseme kila nyumba inatumia uniti 12 kwa siku, na 7 kati ya hizo ni baada ya jua kuzama, watu wakiwa wamerudi nyumbani, wanapika, wanatazama televisheni, feni au vipasha joto vinafanya kazi. Hizo ni uniti 3,500 kila usiku. Betri ya kuvuka usiku mmoja itabidi iwe ya uniti 4,500 hivi, kwa sababu betri haitumiwi mpaka iishe kabisa, na sehemu ya umeme, mara nyingi asilimia 10 hadi 15, hupotea katika kuingia na kutoka. Sasa chukua siku tatu mfululizo za mawingu anazozisema kaka yako. Mahitaji ni uniti 18,000, na hata mkihesabu kidogo kinachopatikana kwenye paneli siku hizo, betri inakuwa mara tatu au nne ya ile ya kwanza. Nyingi ya betri hizo zitakaa bila kazi sehemu kubwa ya mwaka, zikizeeka tu. Ndiyo maana wapangaji wengi hununua betri ya saa chache za jioni na kuegemea gridi au jenereta kwa yaliyobaki. Kwa maoni yangu ni uamuzi wa busara, mradi mnunuzi aambiwe.

Mkionyeshwa ukubwa wa betri, angalieni kipimo. Wauzaji hupenda kutaja kilowati au megawati kwa kuwa namba inavutia, wakati mnachohitaji kujua ni kilowati-saa, zile uniti nilizohesabu. Fikiria pipa la maji: kilowati ni upana wa bomba, kilowati-saa ni maji yaliyomo ndani. Mwaka 2018 shamba la kwanza la Babcock Ranch liliongezewa betri za megawati 10 zinazoweza kutoa umeme huo kwa saa 4. Ile "saa 4" ndiyo habari yenyewe.

Sasa hili la umeme kutokatika kamwe, ambalo watu wengi hulijua siku mambo yameshaharibika. Inveta ya kawaida iliyounganishwa na gridi huzima yenyewe mara gridi inapokatika, hata jua likiwa la utosini. Imeundwa hivyo makusudi. Kwanza, fundi anayepanda nguzoni akiamini waya hauna umeme asiuawe na umeme unaotoka kwenye sola yenu. Pili, inveta hiyo hufuata mapigo ya gridi, yale mawimbi 50 au 60 kwa sekunde, na gridi ikinyamaza haina cha kufuata. Kwa hiyo mnaweza kuwa na shamba la paneli linalometameta saa sita mchana na friji zenu zimezima. Ili makazi yaendelee peke yake yanahitaji vitu vitatu kwa pamoja: swichi ya kuyatenga na gridi, inveta za aina inayoweza kuanzisha mapigo yenyewe, na betri ya kuzituliza pale wingu linapopita ghafla au nyumba mia zinapowasha majiko kwa wakati mmoja. Vitu hivyo vipo na vinafanya kazi, ila havikai pale kwa sababu tu kuna paneli. Muulize muuzaji swali moja: "Gridi ikikatika saa sita mchana, nyumba yangu itakuwa na umeme?" Kisha mwulize hilohilo kwa saa nane usiku.

Mtaambiwa, kwa hakika, habari ya kimbunga Ian. Tarehe 28 Septemba 2022 kilipiga pwani ya kusini magharibi mwa Florida, na zaidi ya wateja milioni 2 wa jimbo hilo wakakosa umeme. Babcock Ranch haikukosa umeme wala maji, na uharibifu ulikuwa mdogo. Ni habari ya kweli na ya kutia moyo. Lakini itazameni kwa makini. Chini ya mawingu ya kimbunga, na usiku kucha, paneli hazikuwa za kutegemewa. Mji uliendelea kupata umeme kwa njia za kawaida za shirika. Kilichouokoa ni kazi iliyofanywa kabla ya nyumba ya kwanza kujengwa: eneo lililoinuka na lililo mbali na mawimbi ya bahari, nyaya zilizofukiwa ardhini badala ya kutundikwa, barabara zilizowekwa chini kuliko sakafu za nyumba ili maji yatangulie kujaa barabarani, na vinamasi vilivyoachwa viyameze. Paneli zenyewe zilisimama imara, na hiyo ni sifa ya waliozifunga.

Hapo ndipo ninapoiona faida kubwa ya makazi yaliyopangwa: katika mpango kuliko katika paneli. Mtu mmojammoja anayeweka sola kwenye nyumba ya zamani anachukua paa kama alivyolikuta, limeelekea upande wowote, lina kivuli cha mti wa jirani, na ukuta unaovujisha joto au baridi. Anayepanga mji anaweza kulaza mitaa ili mapaa yaelekee jua vizuri, kuweka vikinga jua juu ya madirisha, na kujaza kuta vizuizi vya joto kabla ya plasta. Huko Freiburg, Ujerumani, kuna mtaa wa nyumba 59 uliobuniwa na msanifu Rolf Disch, ambao kwa hesabu ya mwaka unazalisha nishati kuliko unavyotumia. Ukiuona unadhani siri ni mapaa yaliyojaa paneli. Siri kubwa ni kwamba nyumba zenyewe zinahitaji nishati kidogo sana. Kwa hiyo mkienda kuangalia nyumba, msianze na shamba la sola. Ingieni ndani saa ya joto kali au baridi kali, gusa ukuta, uliza dari imewekwa nini. Nyumba inayotumia uniti 6 badala ya 12 imeokoa nusu ya betri ile tuliyoihesabu.

Faida ya pili ya kupanga mapema haionekani kwa macho. Nyaya za mitaani kwa kawaida zilitengenezwa kubeba umeme kuelekea nyumbani tu. Nyumba nyingi zikianza kusukuma umeme nje saa sita mchana, volti kwenye waya hupanda, na inveta zinapunguza uzalishaji au kujizima ili zisiharibu vifaa. Wajapani walilichunguza jambo hili kwenye mtaa mmoja wa mji wa Ota, ambako nyumba 553 zilifungwa paneli pamoja na betri ili waone volti inafanyaje watu wengi wakizalisha kwa pamoja. Makazi mapya yanaweza kuweka nyaya nene na transfoma sahihi tangu mwanzo. Makazi ya zamani hulazimika kufukua. Kwa upande wenu, kwa kuwa paneli ziko shambani, tatizo hili linageuka kuwa swali lingine: je, baadaye mtaruhusiwa kuongeza paneli zenu juu ya paa? Mara nyingi jibu ni hapana, au ni mpaka kiwango fulani, na kikwazo huwa ni transfoma au mkataba. Gari la umeme nalo ulizia, maana nyumba 500 zikichaji magari usiku mmoja, hesabu yote niliyoifanya hapo juu inavunjika.

Kuwa na shamba moja badala ya mapaa si kasoro yenyewe. Ni rahisi kusafisha vumbi, fundi hapandi juu ya nyumba ya mtu, na gharama ya kufunga kwa kila kilowati huwa ndogo. Linachotaka ni ardhi, hekta 2 hivi kwa kila megawati, na ardhi hiyo ilikuwa na kazi nyingine, iwe kilimo, malisho au msitu. Sitakwambia kwamba hilo ni dogo.

Bili sasa. Jua halina bei, ila vifaa vina umri. Paneli nzuri hupungua nguvu kwa takriban asilimia 0.5 kwa mwaka, kwa hiyo baada ya miaka 25 bado inatoa karibu asilimia 88 ya ilivyokuwa ikitoa. Paneli si shida. Inveta huishi miaka 10 hadi 15, na betri za lithiamu takriban hivyohivyo kutegemea matumizi na joto. Maana yake, kabla mtoto anayezaliwa kwenye nyumba hiyo hajamaliza sekondari, jumuiya itakuwa imebadilisha inveta zote na pengine betri zote. Fedha hizo zitoke wapi? Kama ada ya mwezi haina fungu la akiba kwa ajili ya kubadilisha vifaa, basi ada hiyo ni ndogo kwa sababu haijasema ukweli, na mwaka wa 12 kila nyumba itapigiwa mchango wa ghafla. Bei ya umeme mnaorudisha kwenye gridi nayo haiko mikononi mwenu. California ilibadili kanuni zake Aprili 2023, na malipo kwa wateja wapya wa sola ya majumbani kwa umeme wanaorudisha yakashuka kwa takriban robo tatu. Mpango wa biashara uliojengwa juu ya bei ya leo unaweza kuyumba kwa tangazo moja.

Nimesema nitalifikia lile swali la tatu. Mwaka 2007, kwenye mji wa Okotoks huko Alberta, Kanada, nyumba 52 ziliunganishwa kwenye mfumo wa kupasha joto kwa jua ulioitwa Drake Landing. Haukuwa wa umeme: vikusanya joto 800 juu ya mapaa ya gereji vilipasha maji wakati wa kiangazi, joto likashushwa ardhini kwenye visima vyembamba 144, kisha likatolewa wakati wa majira ya baridi. Ulifanya kazi kuliko ilivyotarajiwa. Katika msimu wa baridi wa 2015 na 2016 nyumba zote zilipashwa joto kwa jua peke yake, kwenye nchi ya theluji. Miaka michache baadaye vifaa vikaanza kuchoka, vipuri vikawa vigumu kupatikana kwa kuwa mfumo ulikuwa wa aina yake, na matengenezo yakawa ghali kwa nyumba chache kiasi kile. Mwaka 2024 ukafungwa, na nyumba zikahamishiwa kwenye gesi.

Sikuelezi haya ili kukutisha. Uhandisi wa Drake Landing ulikuwa wa hali ya juu, na wengi wetu tulijifunza kutoka kwake. Ninachotaka ukione ni kwamba mfumo wa pamoja ukifika mwisho, mwenye nyumba mmoja hawezi kuutengeneza peke yake wala kuuhama. Hivyo basi, shamba lenu ni mali ya nani? Likiwa la shirika la umeme, matengenezo ni kazi yao na nyinyi ni wateja wa kawaida. Mnapoteza uhuru kiasi, mnapata usingizi. Likiwa la kampuni inayojenga mji, ulizeni nini kitatokea kampuni ikiuza au ikifilisika. Likiwa la chama cha wakazi, faida ni yenu na mzigo ni wenu, na mtahitaji watu wanaojua kusoma hesabu na kusimamia mkandarasi. Mimi ningependelea la kwanza au la tatu. La kati ndilo linalonipa wasiwasi, hasa pale ambapo mkataba unawalazimisha wakazi kununua umeme kwa kampuni hiyo peke yake, kwa bei inayopangwa na kampuni hiyohiyo.

Jambo moja dogo kuhusu ahadi za siku zijazo. Masdar City, huko Abu Dhabi, ilitangazwa mwaka 2006 kama mji usiotoa hewa ya ukaa, wa kukamilika kufikia 2016. Msukosuko wa fedha ulipokuja, ratiba ikasogezwa hadi 2030 na malengo yakalegezwa. Mji ule una fedha za serikali nyuma yake. Wenu labda hauna. Hesabuni kile kilichokwisha kujengwa na kuwashwa. Awamu ya pili na ya tatu zichukulieni kama picha za ukutani.

Mnunue? Kama makazi yameunganishwa na gridi, nyumba yenyewe imejengwa kwa kuzingatia hali ya hewa, mmiliki wa shamba anajulikana na ada ina fungu la kubadilisha vifaa, ningenunua bila kusita sana, hata kama bili haitasahaulika kabisa. Kama hayana gridi na betri ni ya usiku mmoja, ningeuliza jenereta ni ya nani na mafuta analipa nani, ndipo niamue. Na kama nyumba ni jiko la joto na sifa yake yote ni paneli za pembeni, ningeiacha.

Kabla ya kutia saini, tafuteni watu wawili wa kukutana nao ana kwa ana. Wa kwanza ni mhandisi wa umeme asiyehusika na mradi. Mpeni mchoro wa mfumo, ukubwa wa betri na orodha ya vifaa, aende kwenye eneo. Kaka yako aambatane naye, ila fundi wa nyaya za nyumbani si lazima awe amewahi kushughulika na mfumo wa nyumba 500. Wa pili ni mwanasheria wa ardhi na mikataba, asome kanuni za jumuiya ukurasa kwa ukurasa: muda wa mkataba wa umeme, namna ada inavyopandishwa, haki ya kutoka, na nani analipa kuondoa paneli zikichoka. Kama kuna nyumba zilizokwisha kukaliwa, gongeni hodi kwa mmoja wa wakazi, mwombe awaonyeshe malipo yake ya umeme ya mwaka mzima pamoja na ada. Nyaraka hizi zote ziombeni mapema. Mkiambiwa zitatolewa baada ya kulipa arubuni, msilipe.